Shule ya serikali au ya binafsi: maswali ya wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kuanzia Oktoba mpaka Januari wazazi wa nyanda zetu za juu kusini huulizana jambo moja, iwe sokoni Mwanjelwa, kwenye kikao cha vicoba Ilula au nje ya kanisa Tukuyu: mtoto aende shule gani, na hela itatoka wapi. Nimefundisha shule za aina zote mbili na ninasomesha watoto. Msimamo wangu nautaja mapema: shule inayomfaa mtoto wako ni ile ambayo walimu wapo na wanasahihisha, na ambayo wewe utaweza kuilipia mpaka mwaka wa mwisho bila mtoto kurudishwa nyumbani. Basi la njano, geti la chuma na jina la Kiingereza ukutani vinakuja baadaye.

Serikali ilisema elimu bila ada. Mbona kila mwaka natoa hela?

Kwa sababu kilichofutwa ni ada. Shule za msingi ilifutwa 2001. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaiondoa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita. Badala yake serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya hela hiyo huishia kwenye ununuzi wa vitabu kabla haijafika shuleni. Hapo ndipo zinatoka chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo, kwa hiyo usishangae mwalimu mkuu akiwa na sura ya mtu anayedaiwa.

Sare, madaftari, kalamu, matibabu, nauli na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Michango mingine ni ya hiari, inatakiwa ipitie mkutano wa wazazi na ipate kibali, na hakuna mtoto anayepaswa kufukuzwa darasani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Ukiambiwa tofauti, anza kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha nenda kwa afisa elimu kata.

Mchango mmoja, hata hivyo, nawasihi wazazi wenzangu wasiukwepe: wa chakula. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, baridi ya Uyole au Mafinga ikiwa kali, akanywa chai ya rangi tu, ikifika saa sita hasikii tena anachofundishwa. Nimewaona wakilalia madawati. Debe la mahindi na kilo chache za maharage ukizipeleka mapema zinamfanyia mtoto kazi kubwa kuliko tuisheni ya jioni.

Shule ya binafsi inagharimu kiasi gani hasa?

Zaidi ya ile tarakimu iliyoandikwa kwenye bango. Kabla hujalipa hata fomu ya usaili, omba maelezo ya kujiunga yaliyoandikwa, yenye kila kitu, na uyasome mpaka ukurasa wa mwisho. Huko ndiko utakutana na rimu za karatasi, kaunta buku zenye nembo ya shule, traksuti, sweta linalouzwa shuleni pekee, hela ya mitihani ya kujipima, hela ya tahadhari ya vitu vikiharibika, basi, chakula, ziara ya mafunzo na mahafali. Wa bweni wana godoro, tranka, mablanketi mawili, ndoo na sabuni za muhula mzima.

Hii ni hesabu ya mfano, wewe weka tarakimu zako. Chukulia ada ya kutwa ni 1,200,000 kwa mwaka. Basi ni 30,000 kwa mwezi, miezi kumi ni 300,000. Sare, viatu na sweta 150,000. Rimu, madaftari na mitihani 120,000. Jumla 1,770,000. Mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa atasoma miaka sita ya msingi kwa mtaala mpya, kwa hiyo ni 10,620,000, kama ada haitapanda hata mara moja. Na itapanda.

Mtoto huyo huyo shule ya serikali, ukihesabu sare, madaftari, chakula na michango, chukulia 200,000 kwa mwaka: miaka sita ni 1,200,000. Tofauti ni 9,420,000.

Swali la kujiuliza hapo ni hela hiyo ingefanya nini kama isingekwenda kwenye ada. Kwa familia moja ni kiwanja Mbalizi. Kwa nyingine ni ekari za parachichi Rungwe zitakazomlipia mtoto chuo. Kwa nyingine, kusema kweli, ingeyeyuka bila kuonekana ilikokwenda, na kwa familia hiyo ada ya shule ni matumizi mazuri kuliko yote. Unaijua nyumba yako.

Sisi tunategemea mazao. Januari tunapangaje?

Hili ndilo linalowaangusha wazazi wengi wa kwetu, wala siyo ukubwa wa ada. Tazama mwaka wa mkulima wa Mbozi, Ismani au Mbarali. Oktoba na Novemba hela yote inaingia kwenye mbolea na mbegu. Desemba kuna Krismasi na ndugu waliokuja kutoka Dar es Salaam. Januari mahindi yako shambani yamefika magotini, ghala limebaki na chakula cha nyumbani, na ndiyo siku shule inataka awamu ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko zote. Hela ya mkulima inaonekana kuanzia Juni. Mwenye chai Mufindi au Rungwe ana nafuu, majani yanaingiza kitu kila mwezi. Mwenye viazi Uporoto naye anaweza kuvuna zaidi ya mara moja. Lakini wa mahindi, mpunga na kahawa amefungwa na msimu.

Njia ninayoipendekeza ni kutenga ada ya Januari wakati wa mavuno, siku ileile, kabla gunia la kwanza halijauzwa kwa ajili ya bati au pikipiki. Unaweza kuuza Julai na kulipa shuleni moja kwa moja kupitia benki, ukatunza risiti. Shule nyingi hupokea malipo ya mapema kwa furaha, na nyingine hupunguza kidogo ukiomba. Au unaweka magunia ya ada pembeni, kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyamalize, ukayauza Januari bei ikiwa imepanda. Njia ya pili ina faida zaidi mwaka bei ikiwa nzuri. Lakini bei ya mahindi haina mkataba na mtu, kwa hiyo ada ya watoto wawili au watatu usiitegemeze yote kwenye magunia yaliyo ghalani.

Kabla hujaandikisha mtoto, mwone mhasibu wa shule umwambie wazi: mimi ni mkulima, Januari nitaleta robo, Julai nitaleta nusu, Septemba namaliza. Akikubali, mwandikishiane. Akikataa, umejua mapema kwamba shule hiyo ina kalenda ya watu wa mshahara.

Usikope kausha damu kwa ajili ya ada. Nasema hivi kwa uchungu. Mkopo wa riba ya kila wiki unaolipa awamu ya Januari utakuwa umekula mbolea ya kukuzia, na mavuno ya Juni yatakuja pungufu, na Januari inayofuata utakuwa pabaya zaidi. Kama kuna njia moja tu iliyobaki na ni hiyo, mtoto ahamie shule ya serikali mwaka huo. Hatakufa. Atasoma.

Kiingereza je? Si ndicho tunacholipia?

Ndicho wengi wanacholipia, na hofu yao ina msingi. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani kwake anajikuta kimya mbele ya kitabu cha baiolojia. Hatua hiyo ni ngumu na shule peke yake haimvushi. Zipo pia halmashauri zenye shule za msingi za serikali za mchepuo wa Kiingereza, hizo hutoza ada kiasi. Ulizia kama yako inayo, nafasi huwahi kujaa.

Lakini shule kuitwa ya mchepuo wa Kiingereza hakumaanishi mtoto atafundishwa Kiingereza. Ukienda kuangalia shule, simama nje ya dirisha la darasa la tatu dakika kumi usikilize. Je, mwalimu anaeleza jambo kwa Kiingereza kinachoeleweka, watoto wanajibu kwa sentensi zao wenyewe? Au wanaimba kwa pamoja "Yes, teacher!" halafu mwalimu anarudi kwenye Kiswahili kila anapotaka waelewe? Shule ya pili ni hasara mara mbili. Mtoto anakosa Kiingereza, na hesabu nazo anazikosa kwa sababu zimefundishwa kwa lugha ambayo yeye na mwalimu wake wote wanaibabaisha.

Kwa aliye na mtoto shule ya serikali, nashauri hivi. Mpaka darasa la tatu hakikisha anasoma Kiswahili kwa ufasaha, bila kudonoa herufi. Mtoto anayesoma vizuri lugha moja huipata ya pili haraka, na aliyeelewa kugawanya kwa Kiswahili anajifunza neno jipya tu, hajifunzi kugawanya upya. Kuanzia darasa la tano mnunulie kamusi na vitabu vidogo vya hadithi vya Kiingereza, asome kwa sauti nusu saa kila siku, hata kama wewe mwenyewe huelewi anachosoma. Ukikaa karibu naye inatosha. Likizo ndefu baada ya mtihani wa darasa la saba isipotee yote kwenye bodaboda ya mjomba: miezi ile ndiyo ya kumwandaa kwa kidato cha kwanza.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yanasemaje? Si binafsi ndizo zinazoongoza?

Nyingi za juu ni za binafsi, na kwetu tuna mfano mzuri: St. Francis ya wasichana, Mbeya, imewahi kuongoza taifa zima kidato cha nne. Shule kama hiyo inafanya kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini matokeo yana namna ya kusomwa.

Tangu Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Bango linalosema "wa kwanza kimkoa" muulize aliyelitengeneza amelitoa wapi. Matokeo ya kila shule bado yamo kwenye tovuti ya NECTA, bure, na kijana yeyote mwenye simu atakufungulia. Kidato cha nne, daraja la kwanza ni pointi 7 mpaka 17, la pili 18 mpaka 21, la tatu 22 mpaka 25, la nne 26 mpaka 33, na 34 na 35 ni sifuri. Usiishie kwenye daraja la kwanza. Angalia shule imewafanyia nini wale wa katikati, maana kuna uwezekano mkubwa mtoto wako ni wa katikati kama watoto wengi wazuri.

Kisha fanya jambo ambalo wazazi wachache hulifanya. Fungua matokeo ya kidato cha pili ya miaka miwili nyuma ya shule hiyo hiyo, uhesabu watahiniwa, halafu uhesabu waliofanya kidato cha nne. Kama walikuwa themanini wakabaki hamsini na wawili, muulize mkuu wa shule wale wengine wako wapi. Wengine walihama kwa sababu za kawaida. Lakini zipo shule zinazowasukuma nje watoto wasiofikia wastani wake ili matokeo yang'ae, jambo ambalo wizara imelikemea mara nyingi. Ukimpeleka mtoto huko, unalipia hatari ya yeye kuwa mmoja wa wale ishirini na nane.

Na shule inayochagua watoto kwa usaili mgumu imeanza mbio ikiwa mbele. Shule ya kata inayopokea kila aliyefaulu, ikatoa daraja la kwanza na la pili robo ya darasa, walimu wake wamefanya kazi ambayo bango haliwezi kuionyesha.

Nikitembelea shule, niangalie nini?

Omba madaftari matatu ya hisabati ya darasa atakaloingia mtoto: la mtoto anayeongoza, la wa katikati na la wa mwisho. Wakikunyima, ondoka.

Ukipewa la wa mwisho, lifungue taratibu. Angalia tarehe: kazi zimefuatana au kuna wiki mbili tupu? Angalia kalamu nyekundu: ni tiki moja kubwa iliyopita ukurasa mzima bila mtu kusoma, au mwalimu amezungushia mahali mtoto alipokosea kukopa kumi na kumwandikia arudie? Je, alirudia, na mwalimu akaja kuona? Daftari la wa mwisho litakueleza shule ilivyo kuliko mkutano wa saa mbili na mkurugenzi.

Kisha uliza mambo mawili. La kwanza, usajili. Ofisi ya udhibiti ubora wa shule ya wilaya itakuthibitishia. La pili, walimu wangapi waliondoka katikati ya mwaka jana. Kwenye shule nyingi za binafsi mwalimu kijana anafundisha huku akisubiri ajira za serikali, na zikitangazwa anaondoka hata kama ni mwezi mmoja kabla ya mitihani. Simlaumu, ana maisha yake. Ila mtoto wako anaweza kubadilishiwa mwalimu wa fizikia mara mbili kwa mwaka, huku ada ni ileile. Shule ya serikali ina tatizo la upande wa pili: mwalimu amesomea, ameajiriwa, yupo, lakini kiwango cha watoto 45 kwa darasa la msingi kimebaki kwenye karatasi, na anaweza kuwa na watoto mara mbili ya hao.

Nimpeleke bweni akiwa mdogo?

Mapema 2023 wizara ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na wenye mahitaji maalumu kuwa na utaratibu wao. Naunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka saba anahitaji mtu wa kumwona kwamba hajala au ana homa. Shule inayokunong'oneza kwamba "tunao wachache tu" inakuonyesha inavyozitazama sheria nyingine pia.

Amechaguliwa shule ya kata. Nimpeleke, au nitafute binafsi?

Kwanza ondoa aibu. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004, nyingi kwa mawe na matofali ya wananchi, na nyingine zimeongezewa madarasa kwa fedha za UVIKO-19 za 2021. Zinatofautiana sana. Nenda ukaulize jambo moja: walimu wa hisabati, fizikia na kemia wapo? Kama wapo na shule iko umbali wa kutembea, binafsi ya bei nafuu haimwongezei mtoto chochote cha maana. Kama hawapo, na uwezo unao, hapo ada ina sababu.

Umbali uhesabu kwa msimu wa mvua. Kilomita sita Rungwe mwezi wa nne zinamchosha mtoto kuliko masomo yenyewe, na kwa binti zina hatari nyingine ambazo kila mzazi anazijua. Hosteli ya shule, au chumba kwa shangazi anayeaminika, inaweza kuwa gharama yenye faida kuliko ada. "Geto" la wanafunzi peke yao, hapana.

Halafu kumbuka kuna shule kongwe za serikali ambazo hakuna ada itakayokununulia nafasi yake: Tosamaganga, Malangali, Iringa Girls, Loleza, na kwa wanaopenda ufundi, Ifunda na Iyunga. Nyingine zilianzishwa na wamisionari kabla serikali haijazitaifisha mwishoni mwa miaka ya sitini. Aliyesoma msingi ya binafsi naye anachaguliwa huko, ilimradi amefaulu.

Naweza kuanza binafsi, hali ikibana nimhamishie serikali?

Unaweza, ila chagua wakati. Darasa la pili au la tatu ni rahisi. Darasa la sita, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, mtoto anapoteza karibu muhula mzima akijifunza maneno ya sayansi upya. Kidato cha pili na cha nne usihamishe kabisa usajili wa mtihani ukishafanyika. Uhamisho hupitia mfumo wa PREM unaotunza kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo iombe namba ya PREM ya mtoto ukiwa bado hudaiwi.

Nina watoto watatu na hela ya ada ya mmoja.

Wasome wote serikali, na ada ya mmoja iwagawie watatu: vitabu, chakula, taa ya kusomea, tuisheni ya somo linalomshinda kila mmoja. Nimeona nyumba zilizochagua "mwenye akili" akaenda binafsi, na mara nyingi, tuseme ukweli, mwenye akili hugeuka kuwa wa kiume. Wadogo zake wanaelewa wamewekwa wapi, na hawasahau.

Mtaala mpya umebadilisha nini kwenye uamuzi huu?

Ulianza Januari 2024. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na kwa mpango uliotangazwa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027. Maana yake mwanzoni mwa 2028 nafasi za kidato cha kwanza zitagombaniwa na rika mbili kwa mpigo. Mwenye mtoto katika rika hizo aanze kutenga hela sasa, hata kama analenga serikali. Sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi: uliza shule ina karakana kweli au ina jina la fani tu kwenye fomu.

Nianze lini kutafuta?

Shule nyingi za binafsi hufanya usaili kati ya Agosti na Novemba. Matokeo ya darasa la saba hutoka kati ya Oktoba na Novemba, na uchaguzi wa kidato cha kwanza hufuata kabla ya mwaka kwisha. Tembelea shule mwezi wa nane, siku ya kawaida ya masomo, bila kupiga simu kwanza. Siku ya mahafali usiende kukagua. Siku hiyo shule zote ni nzuri. Mtoto mwende naye, na mkirudi, kabla baba na mama hamjasema lolote, muulizeni ameonaje.